Hiyo K ya "knife" inafanya nini pale? Historia ya maneno ya Kiingereza yanayotusumbua

Kwa wale mliokuwa mnauliza mbona kimya, jamani, kazi za semina zimebanana na bumu nalo lina mwendo wake lenyewe, kwa hiyo mtu unajikuta umehamia maktaba, maana kule angalau kusoma ni bure. Na huko maktaba ndiko nilikokutana na jambo ninalotaka kuwasimulia leo. Linahusu maneno ya Kiingereza. Msikimbie, si sarufi! Ni historia yake: neno limetoka wapi, zamani lilikuwa na maana gani, na kwa nini linaandikwa hivi halafu linatamkwa vile.

Hoja yangu naisema mapema ili mtu asije akasema nimemzungusha. Tahajia ya Kiingereza ni kumbukumbu ya mambo yaliyowapata Waingereza, ndiyo maana ukiitafutia mantiki ya kawaida unachoka. Mtoto wa kidato cha kwanza anayesoma "name" kama "na-me" si mjinga hata kidogo. Anasoma karibu kabisa na walivyosoma watu wa London miaka 600 iliyopita. Sasa sisi tunaosomea ualimu tusipolijua hilo, tutakwenda kuwachapa watoto kwa sababu ya mambo yaliyofanywa na watu waliokufa zamani sana.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja: Kiswahili kimetudekeza. Ukiona "kisu" unasoma kisu, ukisikia kisu unaandika "kisu", basi kazi imekwisha. Lakini hilo halikushuka kutoka mbinguni. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye, na kila mtu akawa anaandika anavyosikia yeye. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyosimamia tahajia na vitabu vya shule. Yaani tahajia yetu ina umri wa bibi mzee tu. Haijapata muda wa kuachana na midomo yetu.

Ingawa na sisi tumeshaanza, msijidanganye. Ni wangapi kati yenu mnasema "ndiyo maana" kwa ukamilifu wake? Tunasema "ndo maana", lakini kwenye mtihani tunaandika "ndiyo". Hapo tayari mdomo umekwenda na kalamu imebaki. Sasa chukua hiyo "ndo" na "ndiyo", izidishe kwa miaka 600, changanya na uvamizi wa mataifa matatu, halafu umpe mtu mashine ya kuchapa vitabu katikati ya vurugu. Hicho ndicho Kiingereza.

Tuanze na uvamizi. Kuanzia karne ya 5 makabila ya Kijerumani, Waangli na Wasaksoni na wenzao, walivuka bahari wakaingia Uingereza. Hao Waangli ndio walioipa nchi jina, "England", nchi ya Waangli. Maneno yao ndiyo yale ya nyumbani kabisa: "house", "bread", "water", "mother". Na humo kuna hazina. Neno "lord", ambalo leo tunalisikia kwenye sala na kwenye bunge lao, mwanzoni lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa, yenye maana ya mlinzi wa mkate. Na "lady" ni mkanda mkate! Yaani bwana mkubwa ni yule anayelinda chakula, na bibi mkubwa ni yule anayekanda unga. Neno la mkate lililomo humo ni hilihili "loaf" tunalolijua. Maneno yamesuguliwa na ndimi za watu kwa miaka zaidi ya elfu hadi mkate wenyewe hauonekani tena.

Kisha wakaja Waviking kutoka kaskazini. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na baada ya hapo hawakuishia kupora, wengi walihamia moja kwa moja wakaoa na kulima. Kwao Kiingereza kilichukua "sky", "egg", "husband", na hata "they" na "them". Fikiria, lugha inaazima hadi neno la "wao"! Neno "window" ni lao pia, na maana yake ya asili ni jicho la upepo. Mimi nilipolisoma hilo niliangalia dirisha la maktaba kwa heshima mpya. Na "knife" ni lao vilevile. Waviking waliitamka K waziwazi, na Waingereza walipolipokea nao wakaitamka. Hiyo K haikuwekwa pale kwa urembo.

Wa tatu walikuwa Wanormani. Tarehe 14 Oktoba 1066, William mtawala wa Normandy alimshinda mfalme Harold karibu na Hastings, na kuanzia hapo wakubwa wa nchi wakawa wanazungumza Kifaransa. Ndo maana maneno ya serikali na mahakama mengi ni ya Kifaransa: "court", "judge", "prison", "tax", "parliament". Jikoni nako kuna alama yao. Mnyama akiwa zizini anaitwa kwa Kiingereza cha mchungaji, "cow", "sheep", "pig". Akifika mezani anageuka Mfaransa, "beef", "mutton", "pork". Walter Scott aliliweka jambo hili katika riwaya yake ya Ivanhoe iliyotoka 1819, na tangu hapo limekuwa maarufu: mwenye kufuga alikuwa Msaksoni, mwenye kula alikuwa Mnormani. Mgawanyo wenyewe ulichukua karne nyingi kukaa sawa, lakini asili za maneno hayo ni hizo. Sisi ambao kitoweo tunakiona siku bumu linapoingia tu tunaelewa vizuri tofauti ya kufuga na kula.

Ilifika mwaka 1362 ndipo sheria ikaruhusu kesi za mahakamani ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba watu wengi hawakielewi Kifaransa kinachotumika kuwahukumu. Someni tena sentensi hiyo taratibu. Raia wanahukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapo.

Sasa tufike kwa mtu anayebeba lawama nyingi, naye ni William Caxton. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi miaka mingi Bruges, akajifunza uchapaji huko bara, na mwaka 1476 akafungua mtambo wa kuchapa Westminster, wa kwanza Uingereza. Tatizo lake lilikuwa moja: achape Kiingereza cha nani? Kila mkoa ulikuwa na chake. Yeye mwenyewe aliandika mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokwama kwenye mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja akashuka, akaenda kwa mama mmoja wa pale akaomba chakula, hasa mayai. Akasema "egges", lile neno la Waviking. Yule mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa! Jamaa akakasirika, maana na yeye Kifaransa hakijui. Mpaka mwenzake akaingilia kati akasema wanataka "eyren", neno la kale la kusini, ndipo mama akaelewa. Yai tu, wadau, Waingereza wawili hawaelewani!

Basi Caxton na wachapaji waliomfuata wakachagua, na kilichochapwa kikazoeleka. Wengine walikuwa wamefanya kazi Flanders, mkono ukazoea tahajia ya kule. Ile H ya "ghost" inatoka huko: Waingereza waliandika neno hilo bila H, lakini Kifleminzi kilikuwa nayo, ikaingia kupitia mtambo na haijatoka hadi leo.

Na hapa ndipo balaa lenyewe. Wakati wachapaji wanagandisha tahajia, matamshi yalikuwa mbioni. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zote zilihama. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa jina la Mabadiliko Makuu ya Irabu. Kwa ufupi ni kama abiria kwenye daladala: mmoja akisogea, wa nyuma naye anasogea, mwishowe kila mtu amekaa kiti kisicho chake. Neno "time" lilikuwa na sauti ya I yetu ndefu, kama "tiime", likawa "taim". Neno "house" lilikuwa "huus", likawa "haus". Neno "feet" lilikuwa na E yetu ndefu, likawa "fiit". "Moon" lilikuwa na O ndefu, likawa "muun". Na "name" lilikuwa "naame", likawa "neim".

Mmeona kilichotokea? Zamani A, E, I, O, U za Kiingereza zilikuwa zinasomeka karibu sawasawa na zetu! Geoffrey Chaucer, mshairi wao mkubwa aliyefariki mwaka 1400, angekaa na mtoto wa Kiswahili anayesoma "na-me" na "ti-me" wangeelewana vizuri kuliko na mtangazaji wa redio wa London wa leo. Sauti zilihama, herufi zikabaki kama kibao cha duka ambalo mwenyewe ameshabadilisha biashara.

Hizo konsonanti bubu nazo ni vivyo hivyo. K ya "knee", "know" na "knife" ilitamkwa mpaka kwenye karne ya 17, halafu ikafifia. Ile GH ya "night" na "light" ilikuwa sauti halisi, ya kooni, jamaa na ile KH ya "kheri" na "Khamis". Mtu wa Unguja angeitamka bila shida. Waingereza ikawashinda. Mahali pengine wakaiacha kabisa, kama "though" na "through", mahali pengine wakaigeuza F, kama "cough", "laugh" na "enough". Ndo maana herufi nne za "ough" zinatusumbua mpaka leo: sauti moja ya kooni ilikufa vifo tofauti katika maneno tofauti.

Kama hiyo haitoshi, wakaja wasomi. Karne ya 15 na ya 16 Kilatini kilikuwa fasheni, na wasomi wakaona ni aibu maneno yao kutoonyesha ukoo wa Kilatini. Neno la deni liliingia kutoka Kifaransa bila B yoyote. Wasomi wakakumbuka kwamba Kilatini ni "debitum", wakachomeka B, likawa "debt". "Doubt" likafanyiwa hivyohivyo. Haya ni maneno ambayo B yake haijawahi kutamkwa na Mwingereza hata siku moja! "Island" ndiyo kichekesho zaidi. Ni neno la Kisaksoni, halina uhusiano na Kilatini, lakini walilifananisha na "isle" lenye asili ya Kilatini, wakalibandika S isiyoihusu. Na L ya "could" imechomekwa tu ili lifanane na ndugu zake "would" na "should".

Shakespeare aliwacheka watu wa namna hiyo. Katika tamthilia yake ya Love's Labour's Lost yumo mwalimu mmoja anaitwa Holofernes, mjuaji kupindukia, anayelalamika kwamba watu wanatamka neno la deni bila B. Wadau wa ualimu, tumeigizwa tangu miaka ya 1590!

Haya, mtauliza, sasa wanajuaje matamshi ya watu waliokufa wakati hapakuwa na kinasa sauti? Njia mojawapo ni vina. Hapo ndipo nilipofurahi zaidi, maana sisi vina tumevisoma. Kaluta Amri Abedi alivieleza katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, na kwetu kina ni kina, jicho na sikio vinakubaliana. Ukiandika "-ni" unasikia "ni". Sasa ukimsoma Shakespeare unakuta anafunga Soneti yake ya 116 kwa "proved" na "loved". Kwa matamshi ya leo hapo hakuna kina, angepelekwa kwa Malenga angerudishwa. Lakini Shakespeare hakuwa mwanafunzi wa kubahatisha. Anayatumia maneno ya jozi hiyo kama vina mara nyingi, na waandishi wengine wa wakati wake pia, kwa hiyo wachunguzi wanasema yalikaribiana sana kwa sauti. Mwaka 2004 ukumbi wa Globe wa London uliigiza Romeo and Juliet kwa matamshi ya enzi ile, mwanaisimu David Crystal akiwasaidia waigizaji, na vina vilivyokuwa vimekufa vikafufuka.

Mfano mwingine ni chai. Mwanzoni mwa karne ya 18 Alexander Pope alipanga kina cha "tea" na "obey". Yaani kwake chai ilitamkwa "tei". Na neno hilo lina ndugu yake hapa kwetu: "tea" na "chai" yote yametoka China, ila "tea" lilipita baharini kwa Waholanzi kutoka lahaja ya pwani iliyosema "te", na "chai" letu limetoka kwenye "cha" lililopitia Uajemi. Kikombe kimoja, njia mbili.

Ninaoupenda kuliko yote ni huu. Chukua "blood", "good" na "food". Yameandikwa kwa herufi zilezile mwishoni lakini kila moja lina sauti yake. Zamani yote matatu yalikuwa na O ndefu moja, vina safi kabisa. Kisha O ikawa U ndefu. "Blood" likafupishwa mapema likaendelea kubadilika mpaka likafika kwenye sauti ya A, "good" likafupishwa baadaye, "food" halikufupishwa kabisa. Ni ndugu watatu waliozaliwa nyumba moja wakaondoka kwa mabasi ya saa tofauti. Jina la ukoo bado ni lilelile kwenye tahajia.

Wageni wengine wamelalamika kabla yetu. Mwaka 1920 Mholanzi Gerard Nolst Trenité alichapisha shairi linaloitwa The Chaos, amepanga mamia ya maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa macho na kutofautiana kwa sikio. Pia mtasikia kile kichekesho cha kuandika samaki "ghoti": GH ya "enough", O ya "women", TI ya "nation". Watu husema ni cha George Bernard Shaw. Si chake, kimo katika barua ya mwaka 1855 na Shaw alizaliwa 1856. Halafu ukikichunguza kinadanganya: GH haijawahi kuwa F mwanzoni mwa neno. Ina maana hata vurugu hii ina utaratibu wake.

Maana nazo zilihama, si sauti peke yake. "Nice" limetoka kwenye neno la Kilatini la asiyejua kitu, na Waingereza wa karne ya 14 ukiwaita "nice" umewaita wapumbavu. "Silly" lilikwenda upande wa pili, lilianza likiwa na maana ya mwenye heri, leo ni mpumbavu. "Girl" lilikuwa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. "Meat" lilikuwa chakula chochote. Kabla hamjawacheka, kumbukeni "gereza" letu: limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa! Pwani likawa na maana ya ngome, na baadaye jela. Historia nzima ya Wareno imefungiwa humo.

Na kuna makosa ya masikio yaliyogeuka kuwa Kiingereza sanifu. "Apron" lilikuwa "napron". Watu wakasikia N ni ya neno la mbele, wakaikata. "Umpire" nalo lilikuwa na N mwanzoni, ikaliwa hivyohivyo. "Nickname" kinyume chake, liliibiwa N isiyo yake. Sasa nani hapa hajawahi kusema "kipilefti"? Waingereza waliandika barabarani kwamba ukae kushoto, sisi tukasikia "ki-" ya umoja, na wingi wake tukaupata palepale: vipilefti! Na "madigadi" tukaona ni wingi, tukatoa "digadi". Hiyo siyo aibu, wadau. Ni akili ileile iliyotengeneza "apron", kila lugha inavisha mgeni nguo za nyumbani.

Tena mengi tunachangia nao kwa sababu ya Kiarabu. "Sugar" na sukari, "coffee" na kahawa, "admiral" na amiri, "zero" na sifuri, yote yana asili za Kiarabu upande wa kwao na wa kwetu. Na sisi tukawapa "safari" katika karne ya 19, ambalo sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu. Kwa hiyo tukiingia darasani tusijifanye Kiingereza kimekuja peke yake kutoka sayari nyingine.

Kwa nini nimeandika yote haya? Mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika shule moja ya kata, binti mmoja wa kidato cha kwanza alisimama kusoma akaitamka K ya "knife", "kinaifu". Darasa lilicheka mpaka nje wakasikia. Alikaa, na kwa dakika zote zilizobaki hakuinua mkono. Wenzake walinieleza kwamba huko nyuma aliwahi kupata sifuri ya imla na karatasi yake ikasomwa mbele ya wote. Kipindi kilichofuata nikaandika neno lilelile ubaoni, nikawasimulia Waviking na K yao. Kulikuwa kimya. Halafu yeye mwenyewe akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo na 'knee' walikuwa wanaitamka K?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Sasa kwa nini hawakuifuta?" Hilo swali, ndugu zangu, ni swali la chuo kikuu, na limeulizwa na mtoto aliyekuwa anachekwa.

Sisemi hadithi inatosha. Mtihani wa taifa hauulizi habari za Caxton, na ukiandika "nife" utakosa alama hata ukiwajua Waviking wote kwa majina. Lakini kuna mambo mawili historia inayafanya ambayo fimbo haiyawezi. Kwanza inaondoa aibu. Mtoto anajua kwamba ugumu uko kwenye lugha, hauko kichwani mwake. Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili ambacho herufi haimdanganyi, leo unamtupa kwenye lugha ambayo herufi ni kaburi, halafu unamshangaa akijikwaa. Pili inampa pa kushika. Herufi bubu mara nyingi huwa zinasema kwa ndugu zao. W ya "two" ni bubu, lakini isikilize kwenye "twin" na "twelve". G ya "sign" imenyamaza, iko hai kwenye "signal". K ya "know" bado inasikika ndani ya "acknowledge". Mtoto akipewa ukoo wa neno hakariri herufi moja moja, anakumbuka familia.

Nawaomba wenzangu mnaokwenda mafunzo kwa vitendo mwaka huu mjaribu kitu kidogo. Kila wiki chagueni neno moja tu ambalo darasa linalikosea sana, mtafute lilikotoka, na mlisimulie kwa dakika tano kabla ya imla. Kamusi kubwa ya Oxford pale maktaba inatoa historia ya kila neno kwa miaka yake. Anzeni na "window", hilo halijawahi kuniangusha: mwambie mtoto achore jicho, achore upepo, uone kama ataisahau ile W ya mwanzo.

Mimi narudi kwenye semina, kuna kazi ya Jumatatu hata haijaanza. Tupo pamoja wadau, na mwenye neno lake linalomtesa aniletee tulitafutie ukoo.